Mkweche wa Mpwa Wangu na Safari ya Uskoti

Maalim wangu wa chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitufundisha kuwa neno safari lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kufunua. Safari, akasema, imeitwa hivyo kwa kuwa humvua mtu kile kifuniko alichojifunika mbele ya watu, tabia yake ikaonekana ilivyo. Tena akatusimulia habari ya Sayyidna Umar bin Khattab. Mtu mmoja alikuja mbele yake kumsifu mwenzake, na katika maswali aliyoulizwa, mojawapo lilikuwa kama amepata kusafiri naye. Aliposema la, Umar akaona kuwa huyo hajamjua anayemsifu.

Habari hiyo niliihifadhi tangu utotoni, lakini maana yake nimeipata utu uzimani, tena mbali sana na Mvita. Niliipata kando ya barabara ya Uskoti, mvua ikininyeshea, nikilitazama gari kuukuu la mpwa wangu likitiririka petroli.

NILIVYOTUMWA

Dada yangu mkubwa ana mwana mmoja wa kiume ambaye miaka mingi sasa anaishi Uingereza, katika mji wa Birmingham, akifanya kazi hospitalini. Mkewe ni mtu wa kwetu pia, mzaliwa wa Lamu. Wana watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8, wote wawili wamezaliwa huko huko.

Mwaka 2023 nilipopata nafasi ya kwenda kuwazuru, dada yangu aliniita nyumbani kwake siku moja kabla ya safari. Alinikaribisha kahawa, akaniacha ninywe, kisha akaninyoshea kidole juu ya dari.

"Walitazama paa hili?" akaniuliza. "Kila masika natandaza masufuria kama niliye na karamu. Nimemwomba mwanangu mabati mwaka wa pili huu, naye fedha kazitia katika gofu la gari ati la kwenda kulala maporini. Mtu ana nyumba, ana kitanda, aenda kulala porini! Wewe ni mjomba wake. Kamwambie aliuze."

Nikamwahidi kuwa nitamwambia. Wala haikuwa ahadi ya kumridhisha tu. Nami nilikuwa na mawazo yayo hayo.

GARI LENYEWE

Nilipofika Birmingham na kulikuta gari limeegeshwa mbele ya nyumba, nilicheka. Ni Volkswagen ya mwaka 1978, aina ile ambayo sisi twaiita Kombi. Walio wa umri wangu watazikumbuka zile Kombi zilizokuwa zikipita njia ya Tsavo na watalii, zimekatwa paa ili wageni wapate kusimama na kuwatazama ndovu.

Asili ya gari hili ni mchoro mdogo wa kalamu aliouchora Mholanzi mmoja, Ben Pon, mwaka 1947. Mwaka 1950 kiwanda cha Wajerumani kikaanza kuliunda, na haukupita muda mrefu kampuni ya Westfalia ikaanza kuyageuza baadhi yake kuwa vyumba vya kusafiria. Watu wa Ulaya, waliokuwa wametoka katika vita na hawana fedha za mahoteli, walilipenda mno. Injini yake iko nyuma, nayo haina maji. Hupozwa kwa upepo wa feni. Brazil waliendelea kuliunda hadi mwisho wa mwaka 2013.

Ndani yake mna jiko la gesi la mafiga mawili, beseni dogo la kuoshea vyombo, na kabati zilizobanwa kila penye nafasi. Kiti cha nyuma hukunjuliwa kikawa kitanda. Paa nalo huinuka upande mmoja, turubai likajitandaza, na hapo juu hulala watoto kama kuku darini. Mimi nilipewa hema ndogo ya kusimamisha nje, kwa heshima yangu na kwa ajili ya mkoromo wangu.

Mpwa wangu alinieleza jambo moja kwa furaha kubwa. Tangu Mei 2018, sheria ya Uingereza imeyasamehe magari yaliyotimiza miaka 40, kama hayakubadilishwa sana, yasilazimike kupelekwa kukaguliwa kila mwaka.

"Kwa hiyo, mjomba, huyu mzee hana gharama za ukaguzi," akasema, akilipigapiga gari ubavuni.

Nami nikaitikia kuwa hiyo ni nafuu kweli. Msomaji naomba alishike neno hilo, kwani tutalirudia.

TWAONDOKA

Mpango ulikuwa kwenda hadi Ullapool, bandari ndogo kaskazini mwa Uskoti, mwendo wa maili 500 na ziada kutoka Birmingham. Huko tungevuka kwa feri hadi mji wa Stornoway katika kisiwa cha Lewis. Mpwa wangu alitaka kunionyesha msikiti wa huko, ambao ulifunguliwa mwezi wa Mei 2018, nao ndio wa kwanza katika visiwa vile vya magharibi. Niliposikia kuwa upo msikiti mahali kama hapo, moyo wangu ulilainika kidogo juu ya ile safari. Tulitia nia tufike kabla ya sala ya Ijumaa. Msafiri hawajibikiwi na Ijumaa, lakini kupenda ni jambo jingine.

Tuliondoka Jumanne, mwishoni mwa Julai. Nilisoma dua ya kupanda chombo, mama wa watoto akaitikia amina, na wale watoto wakaingiza vidude vyao masikioni. Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo katika simu za Idi sikuliona. Watoto wale waliniita babu kwa adabu, wakaniamkia shikamoo, basi. Baada ya shikamoo kilichofuata kilikuwa Kiingereza kitupu. Mama yao huwasemesha kwa Kiamu chake kizuri, nao humjibu kwa Kiingereza, kila mmoja akamwelewa mwenziwe, kama watu wawili wanaosemezana ng'ambo na ng'ambo ya mto.

Gari lenyewe halikukimbia. Kila lori lilitupita, na kila lilipotupita upepo wake ulituyumbisha. Tulipokuwa tukipanda mlima wa Shap, ambapo barabara kuu ya M6 hupanda zaidi ya mita 300 juu ya bahari, pedeli ya mafuta ilianguka chini kama mguu uliokufa ganzi. Ile kebo ndefu inayotoka kwenye pedeli mbele hadi injini nyuma ilikuwa imekatika. Tulitolewa sote, tukasimamishwa nyuma ya kingo za chuma, kwani ndiyo kanuni ya barabara zile, tukalisubiri gari la kuvuta kwa saa mbili.

Mpwa wangu alikuwa na kebo ya akiba. Tulipofikishwa mahali pa salama alilala chini ya gari akaipitisha mwenyewe, na mwanawe akamshikia tochi. Nilistaajabu kidogo. Kijana huyu ninayemjua mimi, huko nyuma hakuwa akijua hata kutia upepo baiskeli.

USUBI WA GLENCOE

Jumatano usiku tulipiga kambi Glencoe. Ni bonde lililobanwa na milima myeusi, na mawingu hushuka yakakaa juu ya vichwa vya watu. Historia yake ni ya huzuni. Tarehe 13 Februari 1692, askari waliokuwa wamekaribishwa humo wakala na kulala majumbani mwa watu wa ukoo wa MacDonald, waliamka alfajiri wakawaua wenyeji wao. Watu wamekwisha kuuana sana katika nchi ile, lakini tendo hilo halikusahauliwa hata leo, kwa sababu mgeni ndiye aliyemgeuka mwenyeji. Sisi tuliolelewa kwa heshima ya mgeni na mwenyeji twaelewa kwa nini.

Walakini adui wa usiku ule alikuwa mdogo kuliko ncha ya sindano. Uskoti ina usubi! Watu husema baridi huua wadudu. Nendeni mkaulize Glencoe. Upepo unapotulia wakati wa magharibi hutoka majanini mawingu kwa mawingu, na anayeuma, kama kwa mbu wetu, ni jike. Upepo kidogo tu huwashinda kuruka. Nilikuwa nimeshika udhu, nikasimama kuelekea kusini-mashariki, ambako ndiko kibla huko, mimi niliyezoea Mvita kuelekea kaskazini. Kabla sijafika rukuu nilikuwa nimeumwa masikioni, shingoni na katika vidole vya miguu. Sala hiyo Mola aipokee, maana sina hakika niliisali au niliipigania.

Jambo jingine lililonitatiza ni usiku wenyewe. Jua lilikuchwa karibu saa nne, na hata usiku wa manane upande wa kaskazini mbingu ilikuwa na weupe usioondoka. Mtu aliyefundishwa kungojea weupe ule uishe ndipo aingie wakati wa isha, huko angengojea hadi alfajiri. Sisi tulikuwa wasafiri, tukakusanya isha na magharibi, tukamshukuru Mwenyezi Mungu kwa dini iliyo nyepesi.

HARUFU

Alhamisi tulipita Fort William, tukafuata Loch Ness, ziwa refu jembamba, tukafika Inverness. Tangu asubuhi mke wa mpwa wangu alikuwa akisema neno moja.

"Nasikia harufu ya petroli."

Mumewe akasema ni gari la mbele yetu. Alipolirudia, mimi mwenyewe nikamwambia, "Mwanangu, ni lile jiko la gesi." Gesi na petroli ni harufu mbili mbali mbali, nami nalijua hilo, lakini mwanamume akishakaa kiti cha mbele hudhani amekuwa fundi. Mara ya tatu hakusema tena. Alifungua dirisha, akawavuta wanawe karibu naye.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea Loch Broom, maili chache kabla ya Ullapool, alisema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo kabla wala baadaye: "Simamisha. Sasa hivi."

Gari liliposimama na mlango wa injini kufunguliwa, sote tuliona. Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka, na petroli ilikuwa ikichuruzika juu ya injini yenye moto. Nilifahamishwa baadaye na fundi kuwa jambo hili ni maarufu kwa Kombi za zamani. Tangi la petroli liko jirani na injini, mipira hukauka kwa joto ikafanya nyufa, na tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huchanganywa spiriti hadi asilimia 10, nayo huila mipira ya kale upesi zaidi. Cheche moja ingetosha. Tulikuwa watu watano, na watoto wawili walikuwa wamekaa juu ya kiti kilicho mbele tu ya injini ile.

Hakuna aliyesema. Mpwa wangu alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, akajishika kichwa. Sheria ilikuwa imemsamehe ukaguzi, lakini moto haujui msamaha wa sheria. Nami niliona haya, si yeye peke yake. Nilikuja kutoka Mombasa kumkosoa juu ya gari, na gari liliponionya kupitia ulimi wa mwanamke mwenye akili nililijibu kwa kiburi.

Nilimwendea mama watoto nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Akajibu, "Yamekwisha, mjomba." Mikono yake ilikuwa ingali ikitetemeka.

MZEE WA LOCH BROOM

Mvua ilianza. Magari mawili yalipita; la tatu lilisimama, likashuka na mzee mmoja mrefu, mfuga kondoo wa pale, mwenye viatu vya mpira na kofia iliyolowa kabla ya mvua. Hakutuuliza sisi ni nani. Alilitazama gari, akatikisa kichwa, akatoa kamba, akatuvuta taratibu hadi kwake.

Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita na kupiga hema katika ardhi isiyolimwa, madamu hafanyi uharibifu. Lakini katika haki hiyo gari halimo. Kwa hiyo kulala kwetu uwanjani kwake kulikuwa hisani yake, si haki yetu. Alituonyesha mahali pasipo na matope, akatuletea mayai na viazi, akatuachia. Mkaza ndugu wa Lamu hakubali kula bila kurudisha. Alipika wali wa nazi ya mkebe, na samaki tuliowanunua njiani akawatia ndimu na pilipili, akampelekea mzee sahani. Ile sahani ilirudi imeoshwa, na mwenyewe nyuma yake.

Alikaa nasi chini ya turubai. Akamsikiliza mama watoto akisema na wanawe, akauliza ile ni lugha gani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekumbuka jambo.

Alisema yeye alilelewa kwa lugha ya Kigaeli, lugha ya wazee wa milima na visiwa vile. Bibi yake alimsimulia kuwa enzi zake mtoto aliyesema Kigaeli shuleni aliadhibiwa. Nikamwambia kuwa hata kwetu Kenya shule nyingi zilimvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake. Tukatazamana kama watu waliosoma chuo kimoja. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani: wajukuu wake wanamfahamu akisema, lakini humjibu kwa Kiingereza.

Binti wa miaka 12 alikuwa kajikunja pembeni, masikio wazi. Niliona amelisikia.

Siku hizi mabao ya barabarani huko yameandikwa lugha zote mbili, na zipo shule zinazofundisha kwa Kigaeli. Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika visiwa vya magharibi, ngome yao ya mwisho, wanaoweza kukisema wamepungua chini ya nusu. Ubao wa barabarani huandikwa na serikali. Lakini mtoto husemeshwa na mamake na babake, na akinyamaziwa nyumbani hakuna bunge litakalomsemesha.

IJUMAA YA VITENDAWILI

Ijumaa hatukuiwahi. Feri ilikwenda, sala ilisaliwa, nasi tuko uwanjani. Fundi wa mjini alikuja akasema mipira yote ibadilishwe, si ule mmoja tu, na kabureta isafishwe, na hataruhusu gari liondoke kabla ya Jumamosi. Nilimpenda fundi yule.

Mvua haikukatika mchana kutwa. Bonde lile halikuwa na simu, na vile vidude vya masikioni viliishiwa umeme. Watu watano katika chumba kisichozidi kitanda kikubwa, madirisha yametanda mvuke, na paa la turubai likidondosha tone moja moja juu ya goti langu. Nilimkumbuka dada yangu na masufuria yake.

Nikasema, bila kufikiri, "Kitendawili!"

Mama na baba wakaitikia pamoja, "Tega!" Watoto wakashtuka. Hawakupata kuwasikia wazazi wao wakisema neno kwa mlio ule.

Nikaanza na vile vyepesi, vya nyumba isiyo na mlango. Mvulana akauliza kwa Kiingereza, mama akamwambia, "Wataka kujua? Uliza kwa Kiswahili." Akauliza, neno moja moja, kama avukaye mto juu ya mawe. Binti aliona haya kwanza. Alipomwona nduguye apewa mji na yeye hana, haya zikamtoka. Tulikwenda hadi adhuhuri, tukasali, tukarudi. Baba yao aliwasimulia alivyochapwa kwa kuiba maembe ya jirani, hadithi ambayo nilidhani kila mtoto wake aijua. Hawakuijua. Walicheka hata gari likatikisika.

Jioni yule mvulana wa miaka 8 alisimama juu ya kiti akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu anatembea akipenda."

Mama yake alifungua kinywa amsahihishe, nikamkonyeza asimkatize. Ngeli zitakuja. Kwanza na aje mwenyewe.

STORNOWAY

Jumamosi alasiri gari lilitengenea, na kwa bahati tulipata nafasi katika feri ya jioni. Bahari ile ni ya kijivu, baridi yake huingia mifupani, na safari ni ya saa mbili na nusu hivi. Tulifika tukaiwahi magharibi.

Msikiti wa Stornoway ni mdogo. Jumuiya yake ni ndogo vile vile. Asili ya wengi ni Pakistani, familia zilizofika kisiwani katika miongo ya kati ya karne ya 20, baadhi yao wakichuuza nguo nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi walisali majumbani. Jengo lilipopatikana, lilitengenezwa kwa michango ya watu wa nchi nyingi, wakiwamo wasio Waislamu. Na watu wa kisiwa hicho ni Wakristo wenye msimamo mkali wa kuitukuza Jumapili. Feri yenyewe haikuwa ikisafiri siku hiyo hadi Julai 2009. Jambo lililonifurahisha ni kusikia kuwa watoto wa wale wachuuzi walikua wakikisema Kigaeli pamoja na lugha za kwao. Lugha mbili hazikuwapasua vichwa.

Jumapili mji ulikuwa kimya kama kaburi, maduka mengi yamefungwa. Tulikwenda kuyatazama mawe ya Calanais, yaliyosimamishwa na watu wa kale yapata miaka 5,000 iliyopita, lile la katikati likiwa na kimo cha karibu mita 5. Hakuna ajuaye lugha waliyoisema watu wale waliosimamisha mawe mazito namna ile. Mawe yapo, maneno yamekwenda. Sikuwahubiria watoto. Niliwaacha wazunguke, nikamsikia binti akimwita nduguye: "Njoo hapa, tazama!" Kwa Kiswahili, tena bila kuombwa.

HUKUMU YANGU

Tulirudi Birmingham polepole, siku ya tisa, na gari lilizima mara moja tu. Usiku wa mwisho nilimweka kitako mpwa wangu nikamwambia aliyonituma mamake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mjomba, nyumbani mimi hutoka usiku, mama yao hutoka asubuhi. Tunakutana mlangoni. Sikununua gari, nilinunua mahali ambapo hakuna awezaye kutoka."

Nikamwambia, "Hayo nimeyaelewa. Lakini nusura uwachome humo usimotaka watoke."

Aliinamisha kichwa. Tukakubaliana mambo matatu. Gari litapelekwa kwa fundi kila mwaka, sheria itake isitake. Harufu ikinukia mara moja, gari lisimame mara moja. Na mabati ya mamake yanunuliwe kabla ya kitu kingine chochote cha gari lile.

Sisemi kuwa mkweche ni kitu cha kusifiwa. Wako wanaoandika kwamba kuharibikiwa njiani ndiyo raha ya safari. Hao hawajaiona petroli ikichuruzika nyuma ya migongo ya wajukuu wao. Ninalosema ni kuwa siku ile ya mvua ingaliweza kupatikana sebuleni Birmingham, au Nairobi, au hapa hapa Kibokoni, kwa kuzima vidude vile saa moja na mtu mzima kusema, "Kitendawili." Tusingoje tuharibikiwe ndipo tusemezane na watoto wetu. Tukidhani jambo hili ni la walio ng'ambo peke yao, na tusikilize nyumba zetu wenyewe jioni: ni watoto wangapi wa Mombasa leo wanaojibu kwa Kiingereza swali waliloulizwa kwa Kiswahili?

Kabla ya kuondoka nilimwandikia mpwa wangu ubeti mmoja, nikaubandika juu ya kioo cha gari:

Mpwa sikia shauri, la mjombao kumbuka,
Usiianze safari, mpira umechanika,
Lugha nayo ni bandari, watoto wapate fika,
Si mkweche si fahari, ni watu kukusanyika.

Niliporudi Mvita, dada yangu alinikuta mlangoni. "Ameliuza?"

Nikamwambia hajaliuza. Kabla hajafungua kinywa kunitukana, simu yake ililia. Alikuwa mjukuu wake wa kiume, na hata salamu hakusubiri.

"Bibi! Kitendawili!"

Dada yangu alinitazama, akaitazama simu, akakaa chini pole pole juu ya kibago.

"Tega, baba," akasema.

Alimtegea kile chake, cha nyumba inayotembea ikipenda. Bibi alijifanya hakijui, akaomba apewe mji, akatoa Lamu, akatoa Pate na Siu, hata akachoka kwa kucheka. Simu ilipokatika alijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Na mabati?" akaniuliza.

"Yaja, inshallah."

"Haya," akasema. "Mwambie mpira autazame."